Hendeli, risasi, mkanda

Ajali ni neno tulilolipokea kutoka kwa Waarabu, na huko lilikotoka maana yake ni muda uliowekwa: siku ya mtu ikifika, imefika. Kwetu lilikuja na maana hiyo hiyo ya kudura, kisha barabara zikalipa kazi ya pili. Leo redio ikitangaza asubuhi kwamba kumetokea ajali, hakuna anayewaza kudura. Sote tunajua ni magari. Lakini ile maana ya kwanza haikwenda mbali. Imekaa nyuma ya ile ya pili, na ndiyo inayosema tunapoambiana kwamba ajali haina kinga.

Insha hii ni ugomvi wangu na msemo huo.

Najua mtu atauliza, magari na fasihi wapi na wapi? Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma historia ya gari la karne ya ishirini, na nimeisoma kama ninavyosoma riwaya, kwa sababu kwa kweli ndivyo inavyoandikwa. Ina mashujaa wake: Karl Benz na hataza yake ya mwaka 1886, Henry Ford na kiwanda chake, wahandisi wa Ujerumani na Japani. Ina mwendo mmoja tu, wa kwenda mbele: kasi zaidi, nguvu zaidi, starehe zaidi. Sasa msomaji wa riwaya ana tabia moja mbaya. Akipewa hadithi inayokwenda mbele tu, huanza kuangalia pembeni. Anauliza: huyu aliyetajwa mara moja na kuachwa alipatwa na nini? Nani amelipa gharama ya sherehe hii?

Nitashika vitu vitatu tu, tena vidogo: hendeli, risasi na mkanda. Viwili vya mwanzo vinamhusu mtu mmoja, na hilo ndilo lililonifanya nisiweze kuiacha hadithi hii.

Tuanze na hendeli. Injini ya petroli ina udhaifu mmoja wa kuzaliwa nao: haiwezi kujianzisha. Lazima kwanza izungushwe na kitu kingine, ivute hewa na mafuta, iyabane, ndipo cheche ipate kitu cha kuwasha. Miaka ya mwanzo kitu hicho kilikuwa mkono wa mtu. Unasimama mbele ya gari, unaingiza chuma kilichopinda chini ya rejeta, unazungusha. Kama cheche imecheleweshwa sawasawa, injini inawaka na hendeli inajichomoa. Kama dereva amesahau kuichelewesha, mafuta yanawaka kabla pistoni haijafika juu, injini inarudi nyuma kwa nguvu, na hendeli inarudi nayo. Iliyoko njiani ni mifupa yako. Mpaka leo vitabu vya udaktari vina jina la mvunjiko mmoja wa mfupa karibu na kifundo cha mkono, na jina lenyewe ni la madereva wa zama zile.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari Mombasa. Alijifunza kazi wakati magari mengi bado yanabeba hendeli kwenye buti, kwa ajili ya siku betri imekufa. Nilipokuwa mdogo alinionyesha inavyoshikwa: gumba lisizunguke chuma, likae upande mmoja na vidole vingine, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. "Ikirudi," alisema, "iondoke peke yake. Isiondoke na gumba lako." Hakuna aliyemfundisha hayo kwa kitabu. Yalikuwa maarifa ya mikono, yaliyonunuliwa kwa mikono ya watu wengine.

Sasa, mwaka 1900 haikuwa wazi hata kidogo kwamba petroli ingeshinda. Marekani mwaka huo yalitengenezwa magari ya mvuke na ya umeme mengi kuliko ya petroli. Gari la umeme lilikuwa kimya, halinuki, na linaondoka ukibonyeza tu. Liliuzwa sana kwa wanawake wa mjini, na Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la umeme wakati mumewe anauzia dunia la petroli. Ukitaka kujua hendeli ilivyokuwa adha, anza hapo.

Kisha mwaka 1908 alikufa Byron Carter, mtengenezaji wa magari. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba alisimama kumsaidia mwanamke ambaye gari lake lilikuwa limezima njiani, hendeli ikampiga taya, na jeraha likamwandama hadi kifo. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alimfahamu Carter. Inasemwa aliapa kwamba gari lake halitaua mtu mwingine namna hiyo. Akatafutwa mtu wa kulitatua jambo lile, naye alikuwa Charles Kettering wa Dayton, jimbo la Ohio.

Kettering alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya mashine za kupokelea pesa madukani. Zile mashine nazo zilizungushwa kwa mkono, naye akaziwekea mota ya umeme. Wahandisi wengi walikuwa wamepiga hesabu wakaona mota ya kuzungusha injini ya gari lazima iwe kubwa kama injini yenyewe. Kettering akaona walichokuwa hawakioni: mota haitafanya kazi siku nzima. Itafanya kazi sekunde chache, ipumzike. Mota ndogo unaweza kuilazimisha kupita uwezo wake ikiwa utaiacha mapema. Tena injini ikishawaka, mota hiyo hiyo inaweza kugeuka jenereta, ikajaza betri na kuwasha taa. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yalitoka na stata.

Ni kazi nzuri, na sitaki kuipunguza. Mikono mingi ilisalimika. Wazee, wanawake na watu wasio na nguvu za mabega walipata ufunguo wa dunia. Na ndiyo iliyoliua gari la umeme, kwa sababu iliondoa sababu kubwa ya watu kuikimbia petroli. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Mifupa ilikuwa ikivunjika kila siku kabla ya 1908. Madereva wa kuajiriwa, mafundi, vijana wa gereji, wote walivunjika na hadithi ikaendelea. Ilisimama pale aliyekufa alipokuwa mtu anayejulikana na mwenye kiwanda. Sisemi Leland alikuwa mtu mbaya; nasema maumivu yalihitaji kufika mezani kwake kwanza.

Kabla ya risasi yabidi tupite kwa Ford, vinginevyo hatutaelewa ukubwa wa jambo. Mwaka 1908 alitoa Model T. Mwaka 1913, pale Highland Park, akaacha kuwapeleka wafanyakazi kwenye gari, gari likaanza kuja kwa wafanyakazi. Muda wa kuunganisha chesi moja ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Bei iliyoanzia dola 850 ilishuka chini ya dola 300. Hadi mwaka 1927 yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 15. Maana yake ni hii: uamuzi wowote utakaofanywa ndani ya chumba kimoja cha maabara sasa utaingia katika mamilioni ya injini, na kutoka katika mamilioni ya ekzosi. Makosa ya mtu mmoja nayo yakapata kiwanda.

Mwaka 1920 Kettering alikuwa mkuu wa utafiti wa General Motors, na alikuwa na shida mpya. Injini zilikuwa zikigonga. Ukiyabana mafuta sana ndani ya silinda unapata nguvu zaidi kwa mafuta yale yale, lakini ukipita kiasi, sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, na unasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya debe. Injini inapoteza nguvu, na mwishowe inavunjika. Kazi ya kutafuta dawa ilipewa Thomas Midgley. Alijaribu vitu vingi sana, na tarehe 9 Desemba 1921 akapata kimoja kilichofanya kazi kwa matone machache tu: kimiminika chenye risasi ndani yake.

Hapa ndipo Kiswahili kinaponishika koo. Risasi ni madini laini ya kijivu, na risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki. Neno ni moja kwa sababu kitu kilikuwa kimoja. Zile za bunduki zilitengenezwa kwa madini hayo. Mtoto wa Kiswahili akisikia "petroli yenye risasi" anacheka, anaona bunduki imeingia kwenye tangi. Wenzetu wa kampuni ile walilijua hilo mapema zaidi kuliko sisi, kwa namna yao. Walipoipeleka dawa yao sokoni mwaka 1923, kuanzia pale pale Dayton, waliiita Ethyl. Jina zuri, kama la binti. Risasi haikutajwa.

Na ilijulikana ni sumu. Hilo ndilo ningetaka msomaji alishike, maana tumezoea kusamehe mambo ya zamani kwa kusema hawakujua. Kwamba risasi inaharibu mwili na akili lilikuwa jambo la kale. Midgley mwenyewe alidhurika, akaenda Florida mapema mwaka 1923 kupumzisha mapafu yake. Spiriti ingeweza kuzuia injini kugonga, nao walilijua hilo, walikuwa wameijaribu. Lakini spiriti mkulima yeyote mwenye mahindi anaweza kuitengeneza, na hakuna awezaye kuimiliki. Ethyl ilikuwa na hataza. Mwaka 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey wakaunda kampuni ya kuiuza, rais wake wa kwanza akiwa Kettering.

Oktoba mwaka huo huo, katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi walianza kuona vitu visivyokuwapo. Wengine walifungwa kamba wasijidhuru. Watano walikufa, na zaidi ya 30 walilazwa. Tarehe 30 Oktoba Midgley aliwaita waandishi wa habari, akajimiminia kimiminika kile mikononi, akakinusa kwa muda wa dakika nzima, awaonyeshe kwamba hakina neno.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kichwani. Riwaya nyingi zina mhalifu asiyejua kwamba ni mhalifu. Huyu alijua, maana alikuwa ametoka tu kuugua, na bado alinyoosha mikono.

Mei 1925 uliitishwa mkutano Washington. Alice Hamilton, daktari aliyekuwa mwanamke wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alisimama kusema kwamba kitu hiki hakifai kuachiwa barabarani. Yandell Henderson wa Yale alionya vivyo hivyo: sumu hii haitaua kwa kishindo, itaingia pole pole hadi watu waizoee. Kamati ikaundwa, na mwanzoni mwa 1926 ikasema haikuona sababu ya kutosha ya kuzuia, ila utafiti uendelee. Utafiti ukaendelea, kwa pesa za wale wale waliokuwa wakiuza. Kwa karibu miaka 40 hali ikawa hivyo.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Clair Patterson alikuwa akipima umri wa dunia, na mwaka 1956 alitoa jibu linalotumika hadi leo, miaka bilioni 4.55. Ili aupime alihitaji kuhesabu risasi ndani ya mawe, lakini kila alipopima alikuta risasi nyingi mno: mezani, kwenye vumbi, nywele zake, hewani. Akasafisha maabara mpaka ikawa safi kuliko zote, kisha akaanza kujiuliza ilikuwa inatoka wapi. Mwaka 1965 aliandika wazi kwamba risasi iliyomo ndani ya miili yetu si hali ya kawaida ya binadamu. Tuliizoea tu, kama alivyosema Henderson.

Marekani ilianza kuiondoa miaka ya sabini. Afya ya watoto ilikuwa sababu moja. Ya pili ni kifaa kipya cha kusafisha moshi, kilichowekwa kwenye magari ya mwaka 1975, ambacho risasi ilikuwa inakiharibu. Sijui msomaji analionaje hilo. Mimi naona chuma kilipata mtetezi haraka kuliko mtoto.

Na sisi? Gereji ya mjomba ilikuwa uwanja wa kuchezea. Akitaka kutoa petroli kwenye tangi alitumbukiza mpira mwembamba, akanyonya, akitema mapema ikiwa ana bahati. Plagi aliziosha kwa petroli, kabureta kwa petroli, na jioni mikono kwa petroli, maana sabuni peke yake haitoi grisi. Sisi watoto tuliipenda harufu ile. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia Januari 2006, baada ya makubaliano ya Dakar ya mwaka 2001. Kenya nayo iliacha wakati huo. Kazi ya kuzishawishi nchi zilizobaki ilisimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi. Na tarehe 30 Agosti 2021 likatangaza kwamba pampu za mwisho, zile za Algeria, zimekauka. Kwa makadirio yao, hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Habari ile niliisikia nikiwa Mombasa, nikaenda kumwamkia mjomba. Alikuwa ameshaacha kazi, mikono inamtetemeka kidogo anaposhika kikombe. Daktari anasema ni uzee, nami sina cha kumpinga nacho. Nilimsimulia yote, Dayton, Bayway, Midgley na mikono yake. Alisikiliza kama anavyosikiliza injini, kichwa kimeinama upande.

"Walijua lini?" akauliza.

"Tangu 1924, mjomba. Hata kabla."

"Na sisi tukaambiwa lini?"

Sikuwa na jibu. Nilihesabu tu. Akanywa chai yake, kisha akasema kitu ambacho sijakisoma katika kitabu chochote cha historia ya magari: "Yule wa stata na yule wa risasi ni mtu mmoja? Basi huyo alikuwa fundi kama sisi. Fundi anarekebisha alichoambiwa kirekebishwe. Wa kuulizwa ni aliyemtuma."

Nadhani amemsamehe haraka mno. Kettering hakutumwa tu, alikuwa rais wa kampuni. Jina lake leo liko kwenye mlango wa hospitali kubwa ya saratani New York, pamoja na la Alfred Sloan aliyekuwa bosi wake General Motors, kwa sababu mwaka 1945 walisaidia kuanzisha taasisi ya utafiti pale. Mtu mmoja aliokoa mikono, akatia sumu hewani, akajenga mahali pa kutafutia tiba. Hakuna mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu. Lakini neno la mjomba kuhusu anayetuma limenibakia, kwa sababu linaongoza moja kwa moja kwenye mkanda.

Nils Bohlin alikuwa Mswidi aliyetengeneza viti vya ndege za kivita, vile vinavyomrusha rubani nje. Mwaka 1958 Volvo ilimwajiri. Mikanda ilikuwapo, lakini mingi ilikuwa ya kiunoni, na gari likigonga kwa kasi mkanda wa kiunoni unamkunja mtu na kumwachia kifua na kichwa viende vinakotaka. Bohlin alitaka kushika nyonga na kifua kwa pamoja, katika sehemu za mwili zenye mifupa imara, na alitaka mtu aufunge kwa mkono mmoja bila kufikiri. Jibu lake ni lile tunalolijua: utepe mmoja unaopita begani na kiunoni, unaokutana kwenye kifungo pembeni mwa nyonga. Ulitoka mwaka 1959, na miongoni mwa magari ya kwanza kuubeba ni Volvo PV544. Hataza ilikuwapo, lakini Volvo waliamua kila mtengenezaji autumie bure.

Weka hilo kando ya Ethyl. Zote mbili ni kazi za wahandisi hodari. Tofauti si akili. Tofauti ni uamuzi uliofanywa chumba cha juu, baada ya mhandisi kumaliza kazi yake: hiki tutakificha na kukiuza, kile tutakitoa.

Gari lile la PV544 Wakenya wenye umri wanalikumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda nalo Safari Rally. Mashabiki walijipanga barabarani kuliona likipita limejaa matope. Walioliona walilikumbuka kwa kasi na ushindi. Mkanda haukuwa habari.

Baba yangu alifariki mwaka 1989, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa anatoka Taveta kwa gari la abiria, amekaa mbele kando ya dereva. Kabla ya kufika Mariakani liligonga lori lililokuwa limeharibika na kuachwa barabarani usiku bila taa. Waliokuwa nyuma wengi walitoka na majeraha. Nyumbani watu walijaa, mkeka ukatandikwa, na kila aliyenishika kichwa aliniambia lile lile, kwa upole: mwanangu, ajali haina kinga. Msemo ule ulinisaidia, sikatai. Ulimwondolea mama swali la kwa nini hakumzuia asisafiri usiku. Ndiyo kazi ya msemo, kumpa aliyefiwa pa kuegemea.

Mjomba, ndugu yake mama, alikwenda kituo cha polisi kuliangalia gari. Alikwenda kama shemeji, lakini macho hayakuweza kuacha kuwa ya fundi. Alichokiona hakukisema kwa miaka kumi na mitano. Alikisema mwaka 2004, wakati John Michuki, waziri wa uchukuzi, alipolazimisha matatu zote ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo. Siku za kwanza watu wengi walitembea kwa miguu kwa sababu magari hayakuwa tayari, na mjini kila mtu alikuwa analalamika. Nami nilikuwa nalalamika, barazani kwake. Mjomba akanyamaza muda mrefu.

"Gari la babako lilikuwa na mkanda mbele," akasema. "Lilitoka nao kiwandani. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, pande zote mbili."

"Nani aliukata?"

"Ulikuwa utepe imara, mwanangu. Niliukuta juu ya keria, umefunga magunia ya vitunguu. Vitunguu havikuanguka hata kimoja."

Sikuweza kulala usiku ule, na nilipolala niliamka na hesabu. Mkanda wa Bohlin ulikuwa na umri wa miaka 30 baba alipofariki. Ulikuwa bure kwa watengenezaji wote. Ulikuwa umevuka bahari ukiwa ndani ya gari, umefika mpaka Taveta, umekaa nusu mita kutoka kifuani kwake, na hapo katikati kikapita kisu cha mtu aliyehitaji kamba. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa anayekaa mbele kwa karibu nusu. Nusu si ahadi. Huenda angekufa tu. Lakini nusu si kudura pia. Nusu ni kitu ambacho mtu angeweza kukishika mkononi.

Kwa hiyo ninaposoma vitabu vya historia ya gari, sibishi kwamba mambo yamekwenda mbele. Nakataa tu kwamba yalikwenda yenyewe. Kila hatua ina chumba, na ndani ya chumba kuna watu wanaojua jambo ambalo walio nje hawajaambiwa. Hata sasa. Gari la umeme, lile lililouawa na stata ya Kettering, limerudi, safi, kimya, halina ekzosi. Nalipenda. Nasoma matangazo yake, kisha nasoma habari za Kolwezi, Kongo, ambako kobalti ya betri nyingi inachimbwa, na wengine huichimba kwa sururu na mikono mitupu, humu humu katika Kiswahili chetu. Swali la mjomba linahitaji kuulizwa mapema safari hii: wanajua nini, na sisi tutaambiwa lini?

Wiki iliyopita nilipanda matatu ya kwenda Malindi. Makanga, kijana mchangamfu, alipaza sauti: "Wazee, shikilieni mikanda, kuna polisi mbele." Hakusema fungeni. Nilipouvuta wangu ukaja wote mkononi, utepe mzima, hauna kifungo wala mahali uliposhonewa.

"Huu haufungi," nikamwambia.

"Weka tu hapo begani, mzee wangu, tukipita utauachilia."

Nikamwambia asimamishe, nashuka. Abiria wakaguna, maana tulikuwa tumeshachelewa. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akaniambia kwa huruma, kama anayemfariji mtu aliyefiwa, "Baba, si unajua ajali haina kinga?"

"Ina, mama," nikamjibu, nikamrudishia makanga utepe wake. Nilisimama kando ya barabara pale Mtwapa kwa dakika arobaini. Matatu ya tatu ndiyo iliyokuwa na kifungo.